Jinsi ya Kuiagiza Akili Mnemba Ikupe Jibu Linalotumika: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya wanaotumia akili mnemba (AI) ni yale yale. "Nimeiambia iniandikie tangazo, imeniletea insha." "Barua yake haifanani na barua ya mtu." "Imetaja ofa ambayo mimi sina." Ukiomba kuona agizo alilolituma mlalamikaji, unakuta mstari mmoja: *Niandikie tangazo la biashara.*

Fundi cherehani ukimwachia kitambaa na kumwambia "nishonee nguo", halafu ukaondoka, anaweza kushona, lakini itakuwa nguo ya mtu yeyote. Hajakupima, hajui kama ni ya harusini au ya kushindia nyumbani. Programu za akili mnemba ziko hivyo hivyo, na afadhali fundi, maana yeye angekupigia simu urudi. Yenyewe ikikosa taarifa hujaza pengo kwa kubuni kinachoelekea, kisha inakukabidhi kazi kana kwamba imekamilika.

Humu hamna maneno ya uchawi. Kuna namna ya kusema yale unayoyajua wewe ambayo mashine haiwezi kuyajua. Fuata hatua kwa mpangilio mara za mwanzo; ukishazoea utaziruka mwenyewe.

## Andaa hivi kwanza

Programu moja. ChatGPT, Gemini, Claude na Copilot zote zina kiwango cha bure kinachotosha kwa kazi za humu. Chagua moja uizoee. Unapopakua, tazama jina la kampuni lililoandikwa chini ya jina la programu: ChatGPT ni ya OpenAI, Gemini ya Google, Claude ya Anthropic, Copilot ya Microsoft. Kuna programu za kuiga zenye alama zinazofanana na hizo, na baadhi hukudai malipo ya kila wiki kwa kitu ambacho ungekipata bure.

Mahali pa kuandikia nje ya programu. Sehemu ya kumbukumbu ndani ya simu inatosha. Ukiandika agizo refu moja kwa moja kwenye programu na mtandao ukakata, unaweza kulipoteza lote. Faida nyingine: unaweza kuliandaa bila bando, umesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara. Kama vidole vinachoka, kibodi ya Google ina kipaza sauti kinachoelewa Kiswahili. Sema, halafu pitia majina na namba, maana huko ndiko inakokosea zaidi.

Taarifa zako za kweli. Bei, tarehe, saa, mahali, idadi. Zikusanye kabla ya kuanza.

Sampuli moja. Tangazo lako la zamani lililoleta wateja, au ujumbe uliouandika mwenyewe ukaupenda. Utaona kazi yake hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Jua nani atasoma, na akimaliza afanye nini

Usiguse programu bado. Andika sentensi moja inayojibu maswali hayo mawili.

Tuchukue muuza vitenge wa Kariakoo. Sentensi yake: *Mama aliye kwenye kamati ya sendofu aone status yangu ya WhatsApp, anipigie kuuliza kama sare za watu 35 zipo.*

Hiyo ndiyo itakayoamua kila kinachofuata. Mtu wa kamati hana haja ya kusifiwa kitenge. Anataka kujua zipo pisi ngapi za muundo mmoja, bei ya anayechukua nyingi, na kama mzigo utamfikia kabla ya shughuli. Usipokuwa na sentensi hii utaomba "tangazo la kuvutia", nawe utaletewa nyota, miali ya moto na emoji za makofi.

Utajua umefaulu pale utakapomsomea mtu mwingine sentensi yako asikuulize, "Kwa hiyo hasa unataka nini?"

## Hatua ya 2: Mwaga hali yako yote

Hapa usibane maneno. Andika kama unavyomweleza mdogo wako atakayekushikia duka kesho. Mpangilio hauna umuhimu sana, mashine itajipangia.

> Nauza vitenge Kariakoo, karibu na Mtaa wa Uhuru. Nina mzigo mpya: pisi za yadi 6, rangi ya bluu na njano, zipo 60 za muundo mmoja. Bei ni 25,000 kwa pisi. Kuanzia pisi 10 ni 22,000 kila moja. Wanunuzi wangu wakubwa ni wanakamati wa sendofu, kicheni pati na harusi wanaotafuta sare. Ndani ya Dar natuma kwa bodaboda, nauli anatoa mteja. Mikoani natuma kwa basi. Tunafungua saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumapili tunafunga. Wateja hupenda kuuliza kama rangi inatoka. Hii haitoki.

Tazama sentensi mbili za mwisho. Zimetoka mdomoni mwa wateja, na hakuna programu inayoweza kuzibuni. Kila biashara ina swali lake ambalo wateja huuliza kabla ya kutoa hela: vitumbua vimekaangwa leo? Simu ina warranti? Chumba kina maji? Liweke ndani ya agizo pamoja na jibu lake. Lakini liwe la kweli. Kama hukukifua kitenge, usiandike kuwa hakitoki rangi, kwa sababu mashine itakiandika hivyo hivyo bila kusita na lawama itakuja kwako.

Onyo la faragha. Hali yako haimaanishi siri zako. Usiingize namba ya siri ya pesa za simu, namba ya NIDA, picha ya kitambulisho, cheti cha hospitali cha mtu mwingine wala orodha ya wateja na namba zao. Ukihitaji kutaja watu, andika "Mteja A" na "Mteja B", majina utayarudisha mwenyewe mwishoni. Wenye ofisi na maduka wakumbuke kuwa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za mteja alizokupa akinunua kitenge si mali yako ya kusambaza. Pia fungua mipangilio ya programu yako uangalie kama kuna swichi ya kuzuia mazungumzo yako yasitumike kuifundisha. Nyingi zinayo.

## Hatua ya 3: Taja kazi, kipimo na mipaka

Chini ya hali yako, ongeza kazi yenyewe:

> Andika tangazo la status ya WhatsApp kwa mzigo huu. Lisizidi maneno 50. Mstari wa kwanza utaje sare na idadi iliyopo. Bei zote mbili ziwemo. Usiweke emoji. Usiongeze sifa, ofa wala taarifa yoyote ambayo sikuitaja.

"Fupi" haina kipimo. "Nzuri", "ya kuvutia" na "ya kitaalamu" nazo hazina. Sema idadi ya maneno au sentensi, sema kinachoanza, sema kisichotakiwa. Mashine hizi si hodari sana wa kuhesabu maneno, kwa hiyo ukiomba 50 ukapata 56 usishangae. Ukipata 200, agizo lako lina tatizo.

Ile sentensi ya mwisho, *usiongeze taarifa ambayo sikuitaja*, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukiiacha, tangazo lako litaahidi punguzo la asilimia 20 na usafiri wa bure, na mteja atakuja na skrini shoti mkononi.

Kinachotarajiwa kurudi ni kitu cha aina hii:

> Sare za shughuli: pisi 60 za muundo mmoja, bluu na njano, yadi 6. Rangi haitoki. Pisi 25,000, kuanzia 10 ni 22,000 kila moja. Tupo Kariakoo, karibu na Mtaa wa Uhuru, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi 12 jioni. Bodaboda Dar, basi mikoani. Piga tukutengee.

Halina mbwembwe. Lakini mwanakamati akilisoma hana la kuuliza zaidi ya "nitengee".

Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba lazima uanze na "Wewe ni mtaalamu wa masoko mwenye uzoefu wa miaka 30". Haudhuru, na mara nyingine unasaidia kuweka sauti ya maandishi, lakini hauwezi kuziba nafasi ya bei na idadi ya pisi. Mtaalamu wa miaka 30 asiyejua unauza nini bado atabuni. Na zile faili za "prompti mia tano za kukutajirisha", yaani maagizo yaliyoandikwa tayari, zinazouzwa mitandaoni, usizinunue. Ziliandikwa na mtu asiyelijua duka lako.

## Hatua ya 4: Nyoosha lugha, saa na heshima

Hapa ndipo watu wa Dar wanapokwama kuliko penginepo, na miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haiwezi kukusaidia.

Programu hizi zimejifunza kutokana na maandishi mengi mno, na Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya maandishi hayo. Ndiyo maana zinakijua, lakini zinakichanganya. Mambo manne ya kuzuia mapema:

Kiswahili cha wapi. Usiposema, utapata mchanganyiko: "shule ya upili" badala ya sekondari, "matatu" badala ya daladala, "nambari" kila mahali. Andika: *Tumia Kiswahili cha Tanzania kinachozungumzwa Dar es Salaam.* Ukitaka cha mtaani kidogo, sema kiasi: *cha kawaida, kama muuzaji anavyoongea na mteja wake, bila misimu.* Ukiomba "Kiswahili cha mtaani" bila mpaka, utaletewa lundo la misimu ambayo mama wa kamati ataiona ya kihuni.

Matangazo yenye harufu ya tafsiri. "Je, unatafuta vitenge? Usitafute zaidi!" "Tumejitolea kukupa huduma bora." Hakuna muuzaji wa Kariakoo aliyewahi kumwambia mteja hivyo. Orodhesha ndani ya agizo vishazi viwili vitatu usivyotaka kuviona, ongeza: *Usianze na swali.*

Saa. Hili ni la hatari. Saa 2 asubuhi yetu ni 08:00, na mashine haikumbuki hivyo kila mara. Inaweza kuifanya saa 2 usiku wa manane kwenye ratiba ya Kiingereza, au kinyume chake, ikachukua 09:00 ikaandika "saa 9 asubuhi", saa ambayo haipo katika siku ya mtu yeyote. Kwenye tangazo ni aibu tu. Kwenye ratiba ya safari, basi la saa 12 asubuhi likigeuzwa kuwa 12:00, utafika stendi ya Magufuli basi liko mbali. Andika hivi:

> Saa zote nilizotaja ni za Kiswahili. Saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 12 jioni ni 18:00. Usizibadilishe. Kwenye ratiba weka zote mbili.

Fanya hivyo na tarehe. "Keshokutwa" na "Jumamosi hii" zinategemea mashine ijue leo ni lini, na si mara zote inajua. Andika tarehe kamili.

Heshima. Mashine haijui kama unayemwandikia unamwamkia shikamoo au mambo vipi. Kwa kawaida itakimbilia "Mpendwa", neno ambalo ukimtumia mwenye nyumba wako wa kiume atajiuliza kulikoni. Sema umri wa anayeandikiwa kwa makadirio, unavyomwita, na mnavyosalimiana.

Tuone kwa mfano, maana ujumbe wa heshima ndio kazi ngumu kuliko tangazo. Mpangaji wa Mbagala aliandika: *Niandikie barua kwa mwenye nyumba kuhusu kodi.* Alipata ukurasa mzima unaoanza "Mpendwa Mwenye Nyumba, ninaandika barua hii kwa heshima kubwa ili kuwasilisha suala muhimu", na katikati mashine ikamtungia ugonjwa wa mama yake. Agizo lililotakiwa ni hili:

> Mimi ni mpangaji wa chumba na sebule Mbagala, mwaka wa tatu sasa, sijawahi kuchelewesha kodi. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayeishi Tanga; namwita Mama, namwamkia shikamoo, tunawasiliana kwa WhatsApp. Kodi ni 150,000 kwa mwezi, hulipwa ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 900,000. Inaisha tarehe 31 Machi. Safari hii nina 450,000 kwa sababu ya ada ya shule. Naomba nilipe ya miezi mitatu kabla ya tarehe 31 Machi, na 450,000 nyingine kabla ya tarehe 30 Juni.
>
> Andika ujumbe wa WhatsApp, usizidi sentensi nane. Uanze na salamu. Sauti iwe ya mpangaji mwenye adabu: asilalamike, wala asijidhalilishe. Kiasi na tarehe viwe wazi. Usiongeze sababu nisiyoitaja.

Na jibu likishanyooshwa:

> Shikamoo Mama. Habari za Tanga? Huku tunaendelea vizuri. Mama, kodi yangu inaisha tarehe 31 Machi. Safari hii ada ya shule imenibana, nimepata 450,000, ya miezi mitatu. Naomba unikubalie nilipe hiyo kabla ya tarehe 31, na 450,000 iliyobaki kabla ya tarehe 30 Juni. Naomba jibu lako Mama.

Kwa barua rasmi ya ofisini mambo hugeuka. Hapo sema wazi: *Fuata muundo wa barua rasmi ya Kiswahili wa Tanzania: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, kichwa kinachoanza na YAH, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu".* Usiposema, utapata barua ya Kiingereza iliyovalishwa Kiswahili.

Swali linaloulizwa sana: niandike agizo kwa Kiingereza? Kama kinachotakiwa kitasomwa na Waswahili, agiza kwa Kiswahili. Ukiagiza kwa Kiingereza kisha ukaomba tafsiri, harufu ya tafsiri haitoki. Kwa mambo ya kiufundi, mfano fomula ya Excel au tatizo la kompyuta, kuchanganya lugha hakuna ubaya. Omba tu maelezo yaje kwa Kiswahili.

## Hatua ya 5: Weka sampuli

Bandika ile sampuli uliyoiandaa na useme ichukue nini kwake: *Huu ni ujumbe niliouandika mwenyewe. Fuata urefu wa sentensi zake na namna ninavyomwita mteja. Usichukue bidhaa wala bei zilizomo.* Sentensi ya mwisho ni ya lazima. Bila hiyo bei ya mwaka jana itajipenyeza kwenye tangazo la leo.

Sampuli moja ya kweli huleta sauti yako haraka kuliko aya nzima ya kueleza sauti hiyo.

## Hatua ya 6: Ifanye ikuulize

Mara nyingi hujui umesahau nini. Malizia agizo lako hivi:

> Kabla ya kuandika, niulize maswali yasiyozidi matano kuhusu taarifa unazohitaji na ambazo sijakupa. Subiri majibu yangu.

Utashangaa. Muuza vitenge ataulizwa kama anapokea malipo kwa simu, kama oda huhitaji kutanguliza hela, kama mteja anaweza kurudisha mzigo. Mengine yatakuwa ya kipuuzi. Jibu "acha hilo" na usonge mbele.

Hatua hii inafaa zaidi kwa kazi nzito: wasifu wa kuombea kazi, mpango wa biashara wa kupeleka kwenye kikundi cha kukopeshana, hotuba ya msemaji wa familia. Kwa tangazo la status unaweza kuiruka.

## Hatua ya 7: Rekebisha jibu, usianze upya

Wengi jibu la kwanza likiwa baya hufuta kila kitu au huandika "sio hivyo". Mashine haijui *hivyo* ni kipi. Taja mahali na taja badiliko:

> Mstari wa pili mrefu, ukate nusu. Ondoa "bora na za kisasa". Sentensi ya bei ya pisi 10 isogezwe juu. Kwingine usiguse.

Badilisha mambo mawili matatu kwa wakati mmoja. Ukiipa saba, mawili itayasahau.

Programu hizi zina tabia ya kukubaliana nawe. Ukiuliza "tangazo langu zuri?" utaambiwa zuri sana. Uliza swali lisiloweza kujibiwa kwa sifa: *Mwanakamati mwenye haraka akisoma hili, ni nini kitakachomfanya asipige simu? Nipe sababu tatu.* Hapo ndipo utapata kazi yako ya kurekebisha.

Mazungumzo yakiwa marefu sana, utaona inarudia makosa uliyoyakataa au inasahau bei. Usigombane nayo. Nakili toleo zuri la mwisho, fungua mazungumzo mapya, bandika agizo lako la mwanzo pamoja na toleo hilo, endelea. Na ukihama kazi, kutoka vitenge kwenda barua ya shule ya mtoto, fungua mazungumzo mapya vilevile, la sivyo mwalimu mkuu ataandikiwa kwa lugha ya muuzaji.

## Hatua ya 8: Hakiki kabla ya kutuma

Mashine inapokosea haipati kigugumizi. Jibu la uongo na la kweli huja kwa sauti ile ile, kwa hiyo huwezi kulitambua kwa kulisikiliza. Inabidi uangalie.

Hesabu. Andika: *Onyesha hesabu mstari kwa mstari.* Kisha chukua kikokotoo cha simu. Pisi 35 kwa 22,000 ni 770,000. Ikikupa 25,000 mara 35, yaani 875,000, haikusoma bei ya jumla, na ukimtumia mteja hivyo kamati itahamia duka la jirani.

Kodi, ada na sheria. Mashine ilifunzwa hadi tarehe fulani. Kwetu viwango vya kodi na tozo vinaweza kubadilika kila mwaka Sheria ya Fedha mpya inapoanza kutumika Julai 1, na programu inaweza kukupa kiwango cha zamani bila wasiwasi wowote. Itumie kuelewa swali lako na kuandaa ya kuuliza. Jibu lichukue TRA kwa mambo ya kodi, au BRELA kwa usajili wa biashara. Ikikutajia kifungu cha sheria, kitafute kwenye sheria yenyewe, maana namba za vifungu ni miongoni mwa vitu inavyopenda kubuni.

Viungo. Kama programu yako inatafuta mtandaoni na kukuletea viungo, vifungue. Usihesabu kuwepo kwa kiungo kuwa ni ushahidi.

Afya. Inaweza kukueleza maana ya maneno yaliyo kwenye karatasi ya maabara. Kipimo cha dawa ya mtoto muulize mfamasia au daktari. Mtoto ana homa, nenda kituo cha afya, usikae kuandika agizo.

Masomo. Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha pili asiombe majibu ya kazi ya nyumbani. Piga picha swali likiwa kwenye mwanga wa kutosha, ukurasa mmoja kwa picha, uandike: *Usitoe jibu. Mwongoze mwanangu hatua moja moja, umsubiri ajibu, akikosea umwonyeshe mstari alipokosea.* Mtoto atalalamika kwamba inachosha, na hiyo ni dalili kuwa inafanya kazi.

Mwisho wa hatua hii, soma kila kitu kwa sauti. Sentensi usiyoweza kumtamkia mtu ana kwa ana, ibadilishe kwa mkono wako.

## Hatua ya 9: Hifadhi kiolezo

Agizo likishafanikiwa, lirudishe kwenye kumbukumbu za simu ukiacha nafasi za kujaza. La muuza vitenge litabaki hivi:

> Nauza ______ Kariakoo, karibu na ______. Mzigo: idadi ___, rangi ___, bei ___, bei ya jumla ___ kuanzia ___. Wanunuzi wangu ni ______. Swali wanalouliza ni ______. Jibu ni ______. Usafirishaji: ______. Saa za kazi (za Kiswahili): ______.
>
> Andika tangazo la status ya WhatsApp, maneno yasizidi 50, Kiswahili cha Dar es Salaam. Usianze na swali. Usiongeze nisichokitaja. Sampuli ya sauti yangu: ______

Kuwa na violezo vichache unavyovitumia kweli: cha tangazo, cha kumkumbusha mteja deni, cha barua rasmi. Cha deni kiandikie matoleo mawili, la mteja wa siku nyingi na la mteja mkorofi, kwa sababu ukitumia kimoja kwa wote utampoteza wa kwanza au utachekwa na wa pili.

## Ukikwama

*Jibu limekatikia katikati.* Andika "endelea kutoka ulipoishia". Usitume agizo lote tena, utamaliza kiwango cha bure cha siku.

*Limekuja kwa Kiingereza.* Rudia lugha kwenye mstari wa mwisho kabisa wa agizo.

*Limejaa nyota (*) na alama za reli (#).* Hizo ni alama za kukoleza maandishi na kuweka vichwa, na WhatsApp huonyesha vibaya baadhi yake. Andika: *Toa maandishi matupu yasiyo na alama za mpangilio.*

*Programu inakataa kazi ya kawaida kabisa.* Huenda agizo limesomeka vingine. Eleza kusudi: badala ya "niandikie ujumbe wa kumtisha mdaiwa", andika "niandikie ujumbe thabiti wa kumkumbusha mteja deni la 88,000 la tangu mwezi uliopita, bila matusi wala vitisho". Na ujumbe huo ndio utakaokurudishia hela.

*Kila ukijaribu, jibu ni lile lile la jumla.* Rudi hatua ya 2, ongeza mambo matatu ambayo jirani yako wa dukani, anayeuza kitu hicho hicho, asingeweza kuyaandika kuhusu biashara yake.